Jua Unachokihitaji Kabla ya Kumpigia Dalali: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Nyumba ya Kupanga Dar es Salaam

Watu wengi wanaotafuta nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam huanza kwa kumpigia simu dalali, na dalali huwauliza maswali mawili: unataka vyumba vingapi, na bajeti yako ni shilingi ngapi. Mteja akishayajibu hayo, mengine yote yanayoifanya nyumba ikalike au isikalike yamebaki mikononi mwa mtu ambaye malipo yake, kwa desturi ya jiji hili, ni sawa na kodi ya mwezi mmoja anayopewa siku mkataba unaposainiwa. Simlaumu dalali kwa hilo, kwa kuwa anatafuta alichoagizwa. Tatizo ni kwamba mpangaji anaingia sokoni akiwa hajui anachokitafuta, na nyumba ya tatu au ya nne anayoonyeshwa, yenye tailizi zinazong'aa na dari ya jipsamu, ndiyo inayomfundisha cha kutamani.

Kosa hilo si rahisi kulirekebisha, kwa sababu wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine ya mwaka mzima. Ukijumlisha malipo ya dalali na gharama za kuhamisha vyombo, mtu aliyekosea kuchagua hulazimika kuvumilia hadi kodi iishe. Isitoshe, sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba nchini ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo tegemeo kubwa la mpangaji ni yale yaliyoandikwa katika mkataba wake. Hatua tano za kwanza katika mwongozo huu zinafanyika ukiwa nyumbani, kabla hujaona nyumba hata moja.

Hatua ya kwanza: Iandike wiki yako kama ilivyo

Usianze kwa kujiuliza unapenda nyumba ya namna gani, maana swali hilo huleta majibu yaliyokopwa kutoka kwenye nyumba za watu wengine. Chukua daftari, na kwa muda wa siku saba andika saa uliyotoka, saa uliyorudi, usafiri uliotumia na nauli uliyolipa, mahali uliponunua mboga, wageni waliokuja, siku za kufua, na muda uliokaa katika kila sehemu ya nyumba unayoishi sasa. Jumamosi na Jumapili zisiachwe, kwa kuwa kwa wengi ndizo siku pekee wanazoishi ndani ya nyumba wanayoilipia.

Daftari hilo husema mambo ambayo mwenyewe usingeyasema. Mtu anayesisitiza kuwa ni lazima apate sebule kubwa anaweza kukuta kwamba hukaa sebuleni saa moja kwa siku, ilhali saa tatu zinapotea kati ya kazini na nyumbani. Fundi cherehani anayeshonea nyumbani atagundua kwamba mwanga wa mchana na umeme usioyumba vina thamani kwake kuliko chumba cha pili. Muuguzi wa zamu ya usiku anahitaji ukimya wa saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, muda ambao dalali na mpangaji wa kawaida hawaufikirii kabisa. Mama anayepika maandazi ya kuuza anahitaji eneo la uwani ambapo moshi hautamletea ugomvi, na mwenye nyumba aliyekubali jambo hilo mapema.

Katika kurasa za mwisho za daftari hilo, orodhesha kero za nyumba unayotoka, na mbele ya kila kero andika inatokea mara ngapi. Kero ndogo ya kila siku ina uzito kuliko kero kubwa ya mara moja kwa mwaka: bomba linalotoa maji saa tisa usiku tu linachosha kuliko paa lililovuja mara moja wakati wa masika. Mafuriko hayamo katika kanuni hiyo, nami nitayarejea.

Hatua ya pili: Kokotoa gharama ya kuishi, kwa maana kodi ni sehemu yake tu

Chukua mfano wa nyumba mbili. Ya kwanza ina kodi ya shilingi 350,000 kwa mwezi na iko umbali wa kutembea kutoka kituoni. Ya pili ina kodi ya shilingi 270,000, lakini iko ndani kiasi kwamba kila anayetoka au kurudi hupanda bodaboda ya shilingi 1,000. Watu wawili wanaokwenda kazini na kurudi watatumia shilingi 4,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 104,000. Nyumba iliyoonekana rahisi kwa shilingi 80,000 imekuwa ghali kwa shilingi 24,000, kabla hujahesabu safari za sokoni, za kanisani au msikitini, na za usiku ambapo bei ya bodaboda hupanda.

Umeme nao unahitaji swali moja ambalo watu wengi hulisahau: je, nyumba ina LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, au mita moja inatumiwa na wapangaji watatu? Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, yaani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipia uniti kwa takriban theluthi ya bei anayolipa mteja wa kundi la kawaida. Mita moja ikibeba familia tatu, uniti 75 haziwezi kutosha, na familia inayowasha taa nne na televisheni hujikuta ikinunua umeme kwa bei ya juu pamoja na jirani mwenye friji mbili na pasi ya kila asubuhi. Tukiacha fedha, mita ya pamoja ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi katika nyumba za wapangaji wengi, kwa kuwa kila mwezi ni lazima mtu mmoja apite akigonga milango kukusanya michango. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa hiyo ulizeni mapema kama atairudisha au ataipunguza kwenye kodi ya pango.

Ukishapata jumla, andika kiwango chako cha juu kwa namba moja tu. Usiandike "kati ya laki tatu na laki nne", maana dalali atasikia laki nne.

Hatua ya tatu: Tenga yanayorekebishika na yasiyorekebishika

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Rangi ya ukuta, nyavu za madirisha, taa, makabati ya jikoni, kitasa kibovu na hata tangi la maji ni mambo ambayo fedha na fundi hutatua ndani ya wiki moja, na mara nyingi mwenye nyumba hukubali kukata gharama kwenye kodi ikiwa mmeandikiana. Mwinuko wa kiwanja, barabara, chanzo cha maji, upepo, majirani na tabia ya mwenye nyumba huwezi kuvibadilisha. Cha kushangaza ni kwamba macho yetu hufanya kinyume: huvutwa na tailizi na kupita juu ya mtaro.

Anza na maji. Jiji hutegemea kwa kiasi kikubwa Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mwishoni mwa mwaka 2022 mto huo ulipopungua kutokana na ukame, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ililazimika kutoa maji kwa mgao hata katika mitaa iliyokuwa haijazoea. Kwa hiyo kuuliza "maji yapo?" hakutoshi, kwa sababu jibu huwa "yapo" hata pale yanapotoka mara mbili kwa wiki. Uliza ni maji ya DAWASA, ya kisima au ya boza; yanatoka siku zipi na saa ngapi; nyumba ina tangi la lita ngapi; na nani mwingine anachota katika tangi hilo. Familia ya watu wanne, kila mmoja akitumia lita 60, humaliza lita 240 kwa siku, na tangi la lita 1,000 linalotumiwa na familia hiyo peke yake huisha baada ya siku nne hivi. Likitumiwa na familia tatu, halimalizi siku mbili. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, ambayo hayafai kunywa, hula mabomba na kuifanya sabuni isitoe povu. Siku ya kuiona nyumba, yaonje. Mwaga kidogo kiganjani, weka ulimini, na utakuwa umejua jambo ambalo hakuna tangazo la nyumba litakalokuambia.

Sasa mafuriko. Bonde la Mto Msimbazi, kuanzia Jangwani na Kigogo hadi maeneo yanayopakana na Magomeni, lilifurika vibaya mwezi Desemba 2011, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Lilifurika tena mwaka 2014 na mwaka 2018. Lakini usidhani suala hili linawahusu wakazi wa bondeni peke yao. Barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa pale Jangwani maji yanapojaa, na mtu anayeishi Kimara juu kabisa, ambako hakuna hata dimbwi, hukosa njia yake ya kawaida ya kufika Kariakoo. Kwa hiyo jambo hili lina maswali mawili: je, maji yanaingia ndani, na je, yananikatia njia? Kwa swali la kwanza, mimi nashauri jibu liwe sharti lisilojadiliwa, hata kama nyumba inapangishwa kwa nusu ya bei ya jirani zake. Bei hiyo ya nusu mara nyingi ndiyo jibu lenyewe.

Joto huchukuliwa kijuujuu na watu wanaohamia Dar es Salaam kutoka Arusha, Mbeya au Iringa. Katika miezi ya Desemba hadi Machi, chumba cha kulala chenye ukuta unaotazama magharibi hupokea jua la mchana hadi linapozama, na tofali za saruji huendelea kulitoa joto hilo usiku wakati unatafuta usingizi. Nyumba ya bati isiyo na dari ni mbaya zaidi. Nyumba yenye madirisha yanayotazama ukuta wa fensi ya jirani kwa umbali wa mita moja haipati upepo, hata iwe Mikocheni karibu na bahari. Kiyoyozi kinaweza kusaidia, lakini kitakutoa katika kundi la matumizi madogo ya umeme tuliloliona hapo juu.

Suala la kuishi geti moja na mwenye nyumba linategemea tabia ya mtu. Wapo wanaofurahia kwamba pampu ikiharibika jioni, kesho yake imetengenezwa. Wapo pia wasiostahimili kuulizwa mgeni wao ni nani na geti litafungwa saa ngapi. Amua wewe uko upande gani kabla hujakutana na bibi mkarimu anayekukaribisha chai.

Hatua ya nne: Kila mkazi aandike peke yake

Katika familia nyingi anayetafuta nyumba ni baba, na vigezo vyake huwa paking, fensi na sebule ya kupokelea wageni. Anayepika, anayechota maji na anayefua hupelekwa kuiona nyumba ikiwa imeshalipiwa. Utaratibu huo haufai. Kila mtu mzima, pamoja na dada wa kazi, aandike mambo matano anayoyahitaji bila kuona karatasi ya mwenzake, na katika mambo ya jiko na maji, kauli ya anayeyatumia iwe na uzito kuliko kauli ya anayelipa kodi. Watoto wanaokwenda shule waulizwe saa wanayoamka. Mtoto anayepanda gari la shule saa kumi na moja alfajiri tayari ana jibu la swali la eneo, hata kama hajui kuandika orodha.

Ikiwa kuna mzee anayeishi nanyi au anayekuja kwa matibabu mara kwa mara, vyoo vya kuchuchumaa, ngazi na umbali wa kufika hospitali vihesabiwe kama mambo yasiyorekebishika.

Hatua ya tano: Punguza orodha hadi iume

Baada ya hatua ya nne mtakuwa na mambo ishirini au zaidi, na orodha ya mambo ishirini ni sawa na kutokuwa na orodha. Yapangeni katika mafungu mawili: masharti, ambayo likikosekana moja tu nyumba inaachwa, na matamanio, ambayo hutumika kuchagua kati ya nyumba zilizotimiza masharti yote. Masharti yasizidi matano. Najua watu huomba kuongezewa la sita. Wasiongezewe, kwa sababu kila sharti linaloongezeka hupunguza nyumba zilizopo sokoni kwa bajeti yenu, na mwishowe mtu aliyechoka kuzunguka hulegeza yote kwa pamoja, likiwamo lile lililokuwa muhimu kuliko yote.

Njia nzuri ya kuyapunguza ni kuyashindanisha mawili mawili. Ukilazimika kuchagua kati ya maji ya uhakika na chumba cha masta, unachukua lipi? Kati ya kuwa karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi na kuwa na eneo la watoto kucheza? Likishinda moja, lishindanishe na lingine. Penye ubishi, tumia bei: uliza kama mko tayari kulipa shilingi 50,000 zaidi kila mwezi ili kulipata jambo hilo. Anayesita kulilipia amekwisha kukiri kwamba hilo ni tamanio. Sipendekezi mtindo wa kuipa kila nyumba alama na kuzijumlisha, kwa kuwa nyumba isiyo na maji inaweza kupata alama nyingi za sebule, jiko na paking na kuibuka mshindi, jambo ambalo haliwezekani ukitumia masharti.

Familia moja ya mfano, yenye wazazi wanaofanya kazi Kariakoo na Posta na watoto wawili, inaweza kumaliza zoezi hili ikiwa na masharti haya: nyumba isiyoingiwa na maji ya mvua, mita ya LUKU inayojitegemea, maji yanayotoka angalau siku nne kwa wiki pamoja na tangi, safari moja ya kufika kazini bila kubadili gari, na gharama ya jumla isiyozidi shilingi 400,000. Fensi, masta na tailizi vimekwenda kwenye matamanio. Familia hiyo sasa inaweza kumwambia dalali asiwapeleke kokote ambako masharti hayo hayapo, na inaokoa ada ya kuonyeshwa ambayo madalali wengi hudai kwa kila safari, nyumba ikupendeze isikupendeze.

Hatua ya sita: Lichunguze eneo kabla ya nyumba

Safari ya kwanza nenda bila dalali. Panda usafiri utakaoutumia, siku ya kazi, saa utakazoutumia. Basi la mwendokasi linalofika Kivukoni kwa haraka saa tano asubuhi halifanani na lile la saa kumi na mbili na nusu, wakati abiria wa Kimara wamejaa mlangoni. Anayefikiria Kigamboni aijaribu foleni ya kivuko cha Magogoni, na mwenye gari aijumlishe tozo ya Daraja la Nyerere katika hesabu ya hatua ya pili. Kisha rudi usiku, baada ya saa tatu, siku ya Ijumaa au Jumamosi, usikilize. Baa, ukumbi wa sherehe, gereji ya kuchomelea na mkesha wa vipaza sauti havionekani mchana wa Jumanne, siku ambayo dalali anapenda kukupeleka.

Safari ya thamani kuliko zote ni ya siku ya mvua, na kama unaweza kupanga kuhama kwako, tafuta nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ambapo mtaa hauwezi kukuficha kitu. Nje ya msimu huo, tazama alama: mstari wa rangi ya udongo kwenye kuta za nje, vizingiti vya matofali vilivyojengwa milangoni, viroba vya mchanga vilivyosahaulika uwani. Muuza genge na fundi viatu wa kona wanajua maji hufika wapi, umeme hukatika mara ngapi na nyumba ipi wapangaji hawakai. Nunua nyanya, uliza taratibu. Mjumbe wa mtaa naye ana habari, na utamhitaji baadaye kwa barua za utambulisho.

Hatua ya saba: Ndani ya nyumba, pima

Nenda na futi ya fundi. Kitanda cha sita kwa sita ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi kinabakiza futi nne upande mmoja. Weka kabati lenye kina cha futi mbili, na mlango wake hautafunguka vizuri. Fungua bomba zote kwa pamoja, vuta maji chooni, washa kila swichi, na funga mlango wa chumba cha kulala ili usikie sauti za chumba jirani. Pitisha kiganja sehemu ya chini ya ukuta: rangi inayopukutika kama unga inaonyesha unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, na rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti tu ni ya kuulizia.

Masharti yenu yawe mkononi yakiwa yameandikwa, na mtu mmoja asiyevutwa upesi apewe kazi ya kuyasoma kwa sauti.

Hatua ya nane: Siku ya shinikizo

Itafika nyumba nzuri, na dalali atasema kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Huenda ni kweli. Nyumba nzuri Dar es Salaam hazikai. Ndiyo sababu kazi ilifanyika mapema: nyumba iliyotimiza masharti matano, katika eneo mliloliona usiku na asubuhi, inaweza kuamuliwa kwa nusu saa, na iliyokosa moja huachwa bila majadiliano. Usilipe hata sehemu ya kodi kabla ya kukutana na mwenye nyumba na kuhakikisha kupitia serikali ya mtaa kwamba nyumba ni yake. Katika mkataba, yale masharti yanayotegemea ahadi zake, kama mita inayojitegemea, tangi, ukarabati na urejeshaji wa kodi ya majengo, yaandikwe moja moja pamoja na tarehe ya kutekelezwa.

Karatasi ya masharti itunzwe pamoja na mkataba. Kwa aliyelipa miezi sita, mwezi wa nne tangu ahamie ndio wa kuitoa tena na kuilinganisha na maisha halisi ya nyumba hiyo, kwa sababu bado unao muda wa kumpa mwenye nyumba taarifa, kujadili kodi ya awamu inayofuata au kuanza kutafuta upya bila kukimbizwa na tarehe.